Ini la Dobi

Blanketi lilikuwa limenyooka kati yao, mama ameshika ncha hii na binti ncha ile, huyu anasokota kulia na yule kushoto, maji yakiwamwagikia miguuni, ndipo Bibi alipoingia uani bila hata hodi.

"Liacheni hilo blanketi."

Hawakuliacha. Blanketi zito la nyumba ya wageni, ukiliachia katikati ya kulikamua, hujifungua lote likaanguka chini, na kazi ikaanza upya. Dobi alimalizia kusokota. Ubavu wa kulia ulimvuta, kama ulivyomvuta kila siku, naye akageuza uso ukutani mpaka mvuto ukapita. Binti yake alikuwa katikati ya kisa cha mgeni wa chumba cha juu aliyefulia soksi ndani ya birika la chai. Binti huyu alianza kuongea mapema na tangu hapo hakuwahi kupumzika, ndiyo maana watu wote, hata waliokuwa walimu wake, walimwita Chiriku. Sasa alikuwa amenyamaza, anamtazama bibi yake.

"Kaka yako," Bibi alimwambia Dobi, na sauti ikamkatikia. Alitafuta pa kukaa, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ingawa alikuwa amevaa nguo zake za kutokea. "Macho yamekuwa manjano tena. Daktari anasema ugonjwa umerudi. Umelila na hilo ini ulilompa."

Dobi alilitupia blanketi begani. Unyevu ulimpenya mgongoni, naye akauacha umpenye.

"Pole, Mama. Nani yuko naye sasa hivi?"

"Hana haja ya mtu wa kukaa naye. Ana haja ya ini." Bibi alikuwa anamtazama mwanawe tumboni, si usoni. "Lako si liliota?"

Ni kweli, hivyo ndivyo walivyokuwa wakisema wote: liliota. Miaka mitatu nyuma, Kaka alipokuwa amebaki ngozi na mifupa, madaktari walimpasua Dobi, wakachukua upande wote wa kulia wa ini lake, wakampandikizia. Haikupita miezi mingi, picha ya mashine ikaonyesha kwamba kipande alichobakiwa nacho kimekua hadi kukaribia ukubwa wa ini zima. Siku ile Bibi alitoka hospitali akimwambia kila aliyekutana naye, hadi mlinzi wa lango. Majirani wakaja kuona. Bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiipandisha blauzi ya Dobi mbele yao. "Tazameni kovu hilo! Limekatwa, na limeota. Mzima kama kigongo!" Dobi alikuwa akicheka pamoja nao. Chiriku, wakati huo bado mwanafunzi, alimuuliza kama iliuma. "Kama kuumwa na siafu tu, mwanangu," Dobi alimjibu, kwa sababu Kaka alikuwa amelala kitanda cha pili na alikuwa anasikiliza.

Angejibu nini kingine? Baba yao alipokufa, Kaka ndiye aliyeacha shule, akakaa kwenye kibanda cha kutengeneza redio, ili mdogo wake asome mpaka darasa la mwisho. Mtu kama huyo humwambii kwamba ulichompa bado kinakuuma kila ukiinua karai.

"Liliota, Mama," alisema.

"Basi." Bibi alisimama, akajifuta unyevu wa ndoo makalioni. "Kesho tunakwenda wote."

Njia nzima ya kwenda hospitali, Dobi alikuwa akiomba kitu alichoona aibu kukiomba. Aliomba akataliwe.

Daktari alikuwa yule yule, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Alimsikiliza Bibi mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Ni kama nywele tu, daktari," Bibi alikuwa anasema. "Au mkia wa mjusi. Ukikatwa, unarudi. Mmeona wenyewe kwenye picha."

"Mjusi anarudishiwa mkia, Mama. Ini haliendi hivyo." Daktari alikunja ngumi, akaifunika nusu kwa kiganja cha mkono wa pili. "Kile kipande tulichokata hakikurudi, na hakitarudi. Hiki kilichobaki ndicho kilichonenepa mpaka kikajaza nafasi. Ukubwa umerudi, umbo halikurudi. Na mirija ya upande wa kulia, ya damu na ya nyongo, iliondoka na kile kipande. Ana njia za upande mmoja tu sasa. Nikipeleka kisu pale tena, namwua."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo huyu ameshatoa. Hatoi tena."

Kitu kilimfunguka Dobi kifuani. Alitaka kucheka, hapo hapo, mbele ya mama yake. Aliinamisha kichwa haraka na kujifanya anatafuta kitu mkobani, akakorogakoroga funguo na leso, huku anapumua kwa kinywa.

"Kuna ndugu mwingine?" daktari aliuliza. "Mtu mzima, mwenye afya, mwenye kundi la damu linalopatana na lake."

Kaka hakujaliwa mtoto. Bibi umri ulikuwa umempita. Dobi bado alikuwa ameinama juu ya mkoba, bado anaionja nafuu yake kama peremende, aliposikia sauti kutoka karibu na mlango.

"Mimi umri nimeshatimiza," Chiriku alisema. "Na damu yangu ni kama ya Mama."

Dobi alipoinua kichwa, Bibi alikuwa ameshamkumbatia mjukuu wake na analia begani kwake.

Vipimo vikachukua wiki nyingi. Leo damu, wiki ijayo picha, ile nyingine damu tena. Bibi alihamia kwao na godoro lake. Chumba kilikuwa kimoja, na godoro likaenea mlangoni kabisa, hata ukitaka kutoka nje ni lazima umruke Bibi. Alimlisha Chiriku mayai, akamkataza kulala kifudifudi, akamkataza kuinama, akamkataza kwenda kazini. "Huyu si wa kubeba ndoo sasa. Amebeba mtu." Chiriku alicheka mwanzoni. Alimwigiza Bibi anavyohesabu matonge, akamwigiza na nesi mwenye mkono mzito anayetafuta mshipa. Baadaye vichekesho vikapungua. Alikaa kitandani na kuvuta nyuzi za shuka, na ukimwuliza kitu anasema, "Ee?"

Kule kazini Dobi alibaki peke yake na mablanketi. Alijaribu kuyakamua kwa mikono miwili, ikashindikana. Akabuni njia: alifunga ncha moja kwenye nguzo ya uani kwa fundo, akashika ncha ya pili, akasokota. Lakini nguzo si mtu. Haikulegezei pale unapochoka. Kila mzunguko ulimrudia yeye mwenyewe ubavuni, na jioni alitembea akiwa ameegemea upande kama mtu aliyebeba sanduku.

Siku moja mchana Chiriku alitoroka. Alimkuta mama yake ameinama kwenye nguzo, amefumba macho, jasho limemtoka bila jua.

"Mama! Nini?"

"Hakuna. Njoo ukae."

Walikaa kwenye kivuli cha mashuka yaliyoanikwa. Upepo uliyajaza na kuyaachia, uliyajaza na kuyaachia. Dobi alijua hapatakuwa na nafasi nyingine. Aliushika mkono wa mwanawe, akauweka ubavuni kwake, juu ya blauzi iliyoloa.

"Hapa pana kama uzi. Nikiinua kitu kizito, unavutwa. Kila siku. Wengi wanapona kabisa, daktari aliniambia hivyo, mimi ni mmoja wa wasiopona kabisa. Na zile wiki za mwanzo nilipokuwa nakwambia habari za siafu, nilikuwa nauma mto ili usinisikie. Nilikudanganya."

Chiriku hakuuondoa mkono. "Kwa nini?"

"Mjomba wako alikuwa kitanda cha pili."

"Na alipotoka? Alipokwenda nyumbani kwake? Mimi nimekamua na wewe blanketi ngapi, Mama? Nimekuona unageuza uso, nikadhani ni sabuni machoni."

"Nilizoea kusema siumwi. Ukishasema mara nyingi, huna tena mahali pa kuanzia."

Chiriku alifikiri. Alikuwa na namna ya kung'ata ndani ya shavu tangu utoto, na sasa alikuwa analing'ata.

"Lakini kama ungerudishwa nyuma," alisema, "ungempa?"

Dobi alitafuta uongo. Ulikuwa mwepesi tu, neno moja. Akaufikiria mwaka ule Kaka alipotembea mwenyewe mpaka hapa uani, amevaa shati lililopigwa pasi, akasimama kwenye jua hili hili na kusema, *ninaona njaa, mdogo wangu, ninaona njaa kama watu.*

"Ningempa," alisema.

"Basi unataka niseme nini, Mama?"

Shuka lilijaa upepo, likampiga Dobi usoni, likaachia.

Alibakiwa na mtu mmoja. Alikwenda hospitali peke yake, nje ya saa ambazo Bibi hukaa huko, na njiani alipanga maneno kama mtu anayepanga nguo za kupigwa pasi. Atamwambia Kaka akatae. Mgonjwa mwenyewe akikataa, nani atamlazimisha? Kaka alikuwa mtu wa kukataa. Alikataa kuoa mpaka mdogo wake amalize shule. Alikataa kumfanyia kazi mtu mwingine. Hili nalo angelikataa, kwa kuwa alikuwa Kaka.

Alimkuta ameketi kitandani kando ya dirisha, rangi yake kama karatasi iliyokaa juani. Mapajani alikuwa na redio ndogo ya nesi fulani, mgongo umefunguliwa. Bisibisi ilikuwa kitandani. Vidole vyake viliiokota, ikamponyoka, vikaiokota.

"Karibu," alisema. "Kuna waya umekatika humu, nauona kabisa. Mikono ndiyo haitaki."

Dobi aliketi. Maneno yote aliyoyapanga yalichanganyika, akabakiwa na moja.

"Kaka, yule ni mmoja tu niliye naye."

"Najua."

"Mama hanisikii hata nikipiga magoti. Wewe anakusikia. Ukisema hutaki, yameisha."

Kaka aliiweka redio pembeni, taratibu, kama kitu kilicholala. Alitazama nje dirishani, ambako hapakuwa na kitu zaidi ya ukuta na bomba la maji machafu.

"Najua ulichokuja kukitaka," alisema. "Nimelitafuta neno hilo tangu Mama aliponipa habari. Kila asubuhi nasema, leo daktari akipita namwambia sitaki, mwacheni mtoto wa watu. Daktari anapita. Ananiuliza nimelalaje. Namwambia, vizuri." Akarudisha macho chumbani. "Nataka kuishi, mdogo wangu. Sikujua kama ninataka hivi. Mara ya kwanza nilikuwa tayari kufa, kweli kabisa, nilishazoea. Lakini nikaonja hii miaka mitatu. Sasa nina aibu mpaka sijui niiweke wapi, na bado nataka."

Dobi alikuja amejiandaa kwa hasira. Alijiandaa hata kwa wema, kwa Kaka kumshika kichwa na kumwambia nenda nyumbani, mchukue mwanao. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Alitaka kumchukia, na kwa kitambo kidogo alimchukia. Halafu Kaka akaichukua tena ile redio, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kutazama, na bisibisi ikamponyoka ikaanguka sakafuni.

Dobi aliinama. Ubavu ulimvuta, akanyoosha mkono hivyo hivyo, akaiokota.

"Waya uko wapi?" aliuliza.

"Hapo. Ule mwekundu."

Alimshikia. Walitengeneza mpaka nesi akaja kusema muda umekwisha.

Siku ya jibu walikuwa watatu kwenye benchi la korido: Bibi upande huu, Dobi upande ule, Chiriku katikati. Bibi alikuwa amefungasha nguo za kulala za mjukuu wake kwenye mfuko, na sabuni mpya, na ndala mpya. Aliupapasa mfuko kila mara. Watu walipita na machela, na ndoo za kudeki, na maua. Kisha mlango ukafunguka na daktari akaita kwa kidole, Chiriku peke yake. Chiriku alisimama, akaiweka sawa sketi yake, akaingia bila kutazama nyuma.

Mlango ulipofungwa, Dobi alijua kinachosemwa ndani. Yeye naye aliwahi kuitwa peke yake kwenye chumba hicho. Daktari alivua miwani yake, akamwambia kwa sauti ya chini: "Hapa hakuna mama yako wala kaka yako. Kama hutaki, niambie mimi. Nitatoka niwaambie hufai. Sababu sitaitoa, na hakuna atakayejua mpaka siku unaingia kaburini." Dobi alijibu kwamba anataka. Hakuwahi kumwambia mtu habari ya maneno hayo.

Hata Chiriku hakumwambia. Alimwambia habari za uzi ubavuni, za mto, za uongo wake wote, lakini hilo hakumwambia, na sasa alikuwa amekaa akijiuliza kwa nini. Walikuwa wawili uani, hakuna aliyewasikia. Neno lilikuwepo, lakini kulisema kungekuwa kama kumzimia Kaka taa kwa mkono wake. Basi alilinyamazia, akamwacha mtoto aingie bila kujua kwamba humo ndani kuna njia ya kutokea.

"Wanachelewa," Bibi alisema.

"Wanaongea."

"Wanaongea nini? Vipimo si vimekwisha?"

Dobi alitazama kitasa. Kilikuwa cha shaba, kimechakaa pale mikono inaposhika. Ndani alisikia sauti ya daktari, fupi, kisha kimya kirefu sana, kimya ambacho hakikufanana hata kidogo na mwanawe.

Walitoka pamoja. Daktari alikuwa amevaa miwani yake.

"Binti hafai," alisema.

Bibi alisimama na mfuko kifuani. "Hafai vipi? Kijana mzima namna hii! Ana nini?"

"Haumwi, Mama, usiogope. Ila kutoa, hafai. Zaidi ya hapo ni siri yake na yangu."

"Siri gani? Mimi ni bibi yake!" Akamgeukia Chiriku. "Wewe, wamekwambia nini humo?"

"Wamesema sifai, Bibi."

Ni hayo tu. Chiriku, ambaye kwa habari ya soksi moja angekuchosha mpaka jioni, alisema maneno matatu na kufunga kinywa. Macho yake yalikuwa makavu. Dobi aliyachunguza kama anavyochunguza shuka kwenye mwanga kabla ya kulikunja, akitafuta doa, na hakuona chochote.

Daktari alisema wataendelea kutafuta, mgonjwa bado ana muda, si mwingi, lakini anao. Bibi alirudi kukaa. Alilia kidogo, akajifuta, kisha akaanza kuhesabu ndugu kwa vidole: yule binamu dereva wa lori, na yule aliyehama, na wale waliogombana nao kwa sababu ya uzio, damu ni damu, watakuja tu.

"Mjomba nitamwambia mimi," Chiriku alisema.

Waliingia wodini wawili, yeye na mama yake. Hakukuwa na haja ya kusema. Kaka alimtazama mpwa wake usoni, na kitu kikamtoka kifuani, pumzi ndefu, ambayo Dobi hata baadaye hakuweza kuamua ilikuwa ya kukata tamaa au ya kutua mzigo. Labda zote mbili zilipita kwenye koo lile lile. Kaka akavuta miguu yake chini ya shuka ili kutengeneza nafasi.

"Kaa hapa, Chiriku," alisema. "Nichekeshe kidogo."

Chiriku alikaa. Akaushika mguu wa mjomba wake juu ya shuka, akaubana, akasimama na kutoka mbio.

Dobi alimkuta mwisho wa korido, kwenye sinki la kunawia. Alikuwa amefungua bomba mpaka mwisho na anajimwagia maji usoni kwa viganja viwili, anajimwagia tena, maji yanaingia mikononi mwa blauzi. Dobi alitoa leso mkobani, akasimama nyuma yake.

Swali lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi. Ni mwili uliokataa, mwanangu, au ni wewe? Jibu lolote lile, angelazimika kulibeba kesho mpaka kando ya kile kitanda, na keshokutwa, akae nalo pale, ashike bisibisi, aulize waya uko wapi.

"Mama," Chiriku alisema ndani ya maji, bila kugeuka. "Unataka kuniuliza kitu?"

Kutoka upande wa benchi, Bibi alikuwa anaita. Alitaka Dobi amsaidie kukumbuka: yule binamu dereva, watoto wake wakubwa wako wangapi?

"Hapana," Dobi alisema. "Nataka ujifute."

Chiriku hakugeuka bado, wala hakulifunga bomba. Dobi aliendelea kusimama pale, mkono umenyooka, na leso kavu juu ya kiganja.